Kilemba na vipande

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeshinda Kariakoo na daftari. Jengo tunalofikiria kuununulia mfuko wetu wa majengo lina fremu kumi na mbili chini, stoo juu. Mikataba ya pango nimeisoma yote: kodi iliyoandikwa haifiki nusu ya ile wanayoitaja madalali. Tofauti imo kwenye kilemba. Anayeingia hukilipa mkononi, bila risiti, na mara nyingi anayepokea ni mpangaji anayetoka, mwenye nyumba haambulii kitu. Mthamini atakiandika wapi? Gawio halitoki kwenye hela isiyopita benki. Lakini bei tuliyotajiwa imepandishwa na kilemba hichohicho. Nimeandika kwa wino mwekundu: tununue kwa kodi yenye risiti, isizidi hata shilingi.

Jumanne, 11 Machi

Ofisini Kivukoni hadi magharibi. Nimefuturu kwa tende dirishani, pantoni ikivuka kwenda Kigamboni.

Tumebishana kutwa: mfuko uwe wazi au funge? Wenzangu wanapenda mfano wa Umoja, mfuko wa uwekezaji wa UTT ulioanza 2005. Mwenye vipande akitaka fedha zake anavirudisha, analipwa. Sawa, ila Umoja huwekeza kwenye hisa na hatifungani, vitu vinavyouzika kidogo kidogo. Ghorofa halimegwi. Nikawaeleza habari za Fahari ya Nairobi, mfuko funge wa majengo. Vipande viliuzwa 2015 kwa shilingi 20 za Kenya, vikaorodheshwa soko la hisa, bei ikaporomoka. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo waliotaka kutoka walipewa shilingi 11, na 2024 mfuko ukaondolewa kwenye soko kuu. Majengo yalikuwapo muda wote, na wapangaji wake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ijumaa, 14 Machi

Shangazi kaja na wenzake wawili wa SACCOS, wote wauguzi wastaafu. Kanisikiliza kwa utulivu, kisha: "Mwanangu, nikiugua nikataka hela yangu, ukuta mtamuuzia nani?"

Shikamoo yake niliitoa mlangoni. Jibu lake sikuwa nalo.

Usiku nimeandika upya. Robo tatu majengo, robo hatifungani za serikali na amana za benki. Vipande virudishwe mara mbili kwa mwaka, kwa kiwango kisichozidi akiba hiyo, na wagonjwa watangulie. Hati zishikwe na mdhamini, meneja asizikaribie. Mstari wa wagonjwa wanasheria wataupinga. Nitaupigania.

Jumatano, 19 Machi

Tangu ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba mwaka jana, siwezi kuliita jengo "mali" kabla sijajua nguzo zake. Nimeongeza sharti: mhandisi wetu akague msingi kabla ya bei kuzungumzwa, na fungu la matengenezo likatwe kabla ya gawio.

Mchana mwenye jengo la fremu kumi na mbili kapiga simu. Juu tupande tutakavyo, lakini chini ya ardhi mhandisi hashuki, kuna mizigo ya watu.

Nimelifuta kwenye orodha. Kesho namwambia Shangazi tunaanza kutafuta upya.