Grogan: Moyo wa Patrol Ndani ya Datsun

Ukitua Nairobi, msomaji, usiishie madukani. Teremka Barabara ya Kirinyaga, wenyewe wanaita Grogan: spea, grisi na nyundo mtindo mmoja. Ndipo mahali pa kuongelea Datsun 240Z, iliyotwaa Safari Rally mwaka 1971 na 1973.

Ukiuziwa moja, usibabaike na rangi. Fungua boneti. Ubavuni mwa bloku, chini ya silinda hedi, pamegongwa namba. L24, cc 2,393, ndiyo aina yake. Ukikuta L28, cc 2,753, imebadilishwa hiyo. Injini kama hiyo ilifungwa hata kwenye Nissan Patrol. Linganisha pia na kibati cha ndani ya boneti: namba zikigombana, hata L24 si ya kuzaliwa nayo. Kukimbia itakimbia, tena sana tu, ila bei ya asilia usilipe ng'o!