Isingiro: Mgeni Aliyepewa Jembe

Ukitoka mjini Mbarara kuelekea kusini-mashariki, utaingia wilaya ya Isingiro, nchi ya vilima, migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu. Litazame Ziwa Nakivale, kisha uliza ni akina nani wanaolima kando yake.

Tangu Wanyarwanda walipokimbia machafuko ya mwaka 1959, makazi ya Nakivale na Oruchinga yamepokea wakimbizi. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi na Wasomali. Sokoni, Kiswahili huwaunganisha wengi wao. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hapa mkimbizi hupewa kipande cha ardhi alime, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi.

Hata hivyo, Katiba ya mwaka 1995 inawatenga watoto wa wakimbizi katika kuandikishwa kuwa raia kwa sababu ya kuzaliwa nchini. Nionavyo mimi, jembe ni heshima kubwa, lakini halitoshi. Aliyezaliwa juu ya udongo huu, asiyeijua nchi nyingine, ataitwa mgeni hadi lini? Nawe, msomaji, tafakari.