Neno Saratani na Nyota ya Kaa

Kilimatinde iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika Wilaya ya Manyoni. Zamani misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora ilipita katika nchi hiyo ya Ugogo, na Wajerumani wakajenga boma lao hapo. Baadaye reli ikapita Manyoni, na Kilimatinde ikabaki kando. Misafara haikuchukua vitambaa na shanga tu. Ilichukua dini na vitabu vile vile, na elimu ya falaki ikiwa ndani yake. Basi yupo mzee mmoja mahali hapo mwenye daftari alilolirithi kwa babaye, lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Mzee huyo si mganga, na hukasirika aitwapo hivyo. Kazi yake ni hesabu. Kila herufi ya abjadi ina thamani yake; yeye hujumlisha jina la mtu na jina la mamaye, akagawa kwa 12, na baki ndilo linaloonyesha buruji. Tuseme mtu aitwa Ali, mwana wa Mariamu: jina la kwanza ni 110, la pili 290, jumla 400. Ukigawa kwa 12 hubaki 4, na buruji ya nne ni Saratani. Wanajimu wa Kiyunani walitaka saa ya kuzaliwa, wapate kujua sayari zilikuwa wapi; njia hii ya jina humfaa hata asiyejua alizaliwa mwaka gani. Kwa hiyo neno "nyota" lilikuwa limekwisha kugeuka kabla ya kufika Kilimatinde. Kitu cha angani kilikuwa baki la hesabu.

Miaka michache iliyopita mjukuu wa nduguye mzee huyo aliona uvimbe mgumu katika titi lake la kushoto. Hospitali ipo pale pale, naye alikuwa amekata shauri kwenda. Alipita kwanza kwa babu, amtazamie siku njema. Babu akapiga hesabu, likabaki 4. "Nyota yako ni Saratani, mjukuu wangu," akasema. Na kwa kuwa mwenye buruji hiyo ni Mwezi, akamwambia siku yake ni Jumatatu. Maneno hayo ya mwisho mwanamke hakuyasikia. Alishukuru, akarudi nyumbani. Jumatatu ikapita, na nyingine tatu baada yake. Alipalilia shamba lake kama kawaida, akamwambia dada yake mbuzi wagawanywe namna gani.

Kwa Kiarabu saratani ni kaa. Wayunani walimwita mnyama huyo karkinos, na waganga wao wakaupa uvimbe mbaya jina lilo hilo. Galen alieleza kuwa mishipa inayozunguka uvimbe wa titi hufanana na miguu ya kaa. Waarabu walifasiri maana zote mbili, ya mbinguni na ya mwilini, kwa neno moja. Katika Kiswahili maana hizo hazikukua sawasawa. Taasisi ya Saratani Ocean Road ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1996, na redio na mabango ya zahanati yamelieneza neno hilo hata vijijini. Leo maana ya ugonjwa ndiyo aijuayo mtoto wa shule. Kurasa za nyota magazetini huandika "Kaa", na hapo, kwa mara moja, zastahili sifa. Yako na maneno mengine ya namna hiyo. Buruji ya kwanza, Hamali, ni mwana-kondoo. Lakini nani, katika nchi iliyopitwa na mizigo mingi hivyo, asiyedhani kuwa ni mchukuzi? Kosa hilo huchekesha tu.

Mwanachuoni aweza kusema kuwa mzee ndiye aliyelitumia neno kwa maana yake ya asili. Si kweli, maana zote mbili ni za kale, na mwanamke yule hakukosea lugha hata kidogo.

Dada yake ndiye aliyekwenda kwa mzee kumwuliza kama nyota yaweza kubadilishwa. Mzee akastaajabu.

"Lakini babu, wewe ndiwe uliyesema ana saratani."

"Sikusema ana saratani. Nilisema nyota yake ni Saratani."

Alipokwisha kuyatamka hayo alinyamaza, kisha akaomba fimbo yake. Kesho yake, nayo ilikuwa Alhamisi, alifuatana na mjukuu wake hadi hospitali. Kipande cha uvimbe kilikatwa kwenda kupimwa, wakaambiwa wangoje majibu.

Katika siku hizo za kungoja mzee alifungua daftari mbele yake, akalipiga mstari neno lile, akaandika juu yake kwa herufi za Kizungu: kaa.

"Kaa la moto?" mwanamke akauliza.

"Kaa wa baharini."

Akamwuliza yukoje. Mzee hajapata kuiona bahari. Akachora pembeni mwa karatasi kiduara chenye miguu mingi. Mwanamke akakitazama, akasema kwamba hicho ni buibui.