Kaskazi ya Huko Si Kaskazi Yetu

Mtu wa Pemba huujua upepo kabla ya kuijua kalenda. Kaskazi inapovuma, kuanzia Disemba hadi kuingia Machi, twajua kuwa joto limefika. Upepo ukigeuka kuwa kusi, masika hufuatia, kisha kipupwe cha Juni na Julai, ambapo wazee wetu hujifunika shuka mbili na kulalamika kuwa baridi imezidi mwaka huu, ilhali ni nadra kipimajoto kushuka chini ya nyuzi 20. Hiyo ndiyo baridi tuijuayo. Imo ndani ya lugha yenyewe: kaskazi ni joto, kusi ni ubaridi. Mabaharia waliokwenda Arabuni na kurudi walifunga mizigo yao kwa kuitegemea ahadi hiyo, na aghalabu upepo haukuwavunjia ahadi.

Ulaya mambo ni kinyume. Upepo wa kaskazini hutoka upande wa ncha ya dunia kwenye barafu, na wa kusini ndio uletao joto. Wa magharibi hubeba mvua ya bahari ya Atlantiki. Wa mashariki, kabla kiangazi hakijaingia, huja na baridi kavu ya bara. Na katika majira ya machipuko, miti inapoanza kutoa majani mapya, pepo hizo nne hupokezana zamu ndani ya wiki moja, na pengine ndani ya siku moja. Tarehe 6 Aprili 2008 watu wa London waliamka wakakuta theluji imefunika mapaa. Tarehe 19 Aprili 2018, katika mji huo huo, joto lilifika nyuzi 29.1, na haikuwahi kuonekana siku ya Aprili yenye joto kama hilo tangu mwaka 1949. Mwezi ni ule ule, mji ni ule ule. Mtu afunge mzigo gani?

Sababu yake si ngumu kuielewa. Jua la katikati ya Aprili huwa limekwisha kupanda juu sawa na la mwisho wa Agosti, lakini ardhi na bahari bado zimeshika baridi ya miezi iliyopita. Ukisimama juani unatoka jasho. Ukiingia kivulini unatetemeka.

Haya nimeyafikiri sana tangu Mama alipopata safari ya kwenda London kumlea dada yangu aliyejifungua. Alikuwa aondoke Aprili, masika yakiwa yamepamba moto huku kwetu. Mzigo wake aliufunga mwenyewe, na nilipoufungua nilikuta doti sita za kanga, mkaja wa kumfunga mzazi tumbo, karafuu, pilipili manga, na chupa ya mafuta ya makonyo kutoka kiwanda cha Wawi. Kila kilichomo kilikuwa cha kumpasha moto mtu mwingine. Kwa ajili yake mwenyewe palikuwa na madira mawili na buibui jepesi.

“Mama, na wewe je?” nilimwuliza.

“Mimi si mzazi, mwanangu. Mzazi ndiye hapigwi na baridi.”

Kifua chake nakijua. Kipupwe cha kwetu tu humwamsha usiku akikohoa. Niliogopa asije aendaye kukanda akageuka kuwa mwenye kukandwa, na dada yangu akabaki na wagonjwa wawili, mmoja mchanga na mmoja mzee, katika nyumba isiyo na jirani wa kubishiwa hodi.

Lakini nilipomletea sweta na suruali nzito aliviangalia kama mtu aliyeletewa nguo za maigizo. Hapo nilitambua kuwa tatizo halikuwa ukaidi. Kwetu nguo huulizwa maswali mawili: yasitiri? Yalingana na shughuli? Swali la tatu, yazuia baridi, hatujapata haja ya kuliuliza. Mama hakuwa akiikataa joto ya sweta. Alikuwa akikataa kushuka katika ndege akiwa mtu mwingine, mbele ya mjukuu ambaye ndiyo kwanza atamwona.

Khofu hiyo si ngeni. Sayyida Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akafika Hamburg mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani, na huko akavaa walivyovaa wenyeji. Hata hivyo ipo picha yake iliyopigwa Hamburg, naye amevalia mavazi ya binti wa kifalme wa Zanzibar. Kila niitazamapo nasema kuwa katika mizigo yake kulikuwa na kitu kisichokuwa na kazi yoyote dhidi ya hewa ya huko, na bado kilikuwa na kazi.

Basi tukapatana kwamba juu abaki kuwa yeye, na ndani tuweke silaha. Nguo tatu nyembamba zinashinda moja nene, kwa kuwa joto hukamatwa na hewa iliyo baina yao, na jua likitoka mtu hupunguza moja moja. Ikaingia fulana ya sufi ya kugusa mwili, maana pamba ikilowa hukaa na baridi. Suruali ya kubana chini ya dira. Sweta lenye vifungo. Soksi za sufi na viatu vya kufunika. Buibui jepesi likabadilishwa kwa zito.

Koti tulilipata sokoni Chake Chake, katika mitumba. Makoti ya namna hiyo huja ndani ya marobota, na hapa hununuliwa na wavuvi wa usiku, walinzi na vijana wa bodaboda. Lile la Mama lilikuwa jeusi, refu, lisilopitisha maji, na ndani ya ukosi limeshonwa jina la duka la Uingereza. Muuzaji alicheka alipoambiwa linakwenda wapi. Nilimsihi Mama alishike mkononi, asilitie katika sanduku, kwani baridi ya kwanza humkuta msafiri mlangoni mwa uwanja wa ndege, kabla hajafungua mzigo. Doti za kanga hakupunguza hata moja. Usiache mbachao kwa msala upitao, alisema, nami sikuwa na jawabu.

Siku ya nne alipiga simu. Asubuhi ilinyesha, adhuhuri akavua koti na sweta, alasiri upepo ukamrudisha ndani ya vyote viwili. “Huku mtu hubadili nguo kutwa,” alisema, “kama mtoto wa sikukuu.” Kanga moja ilikuwa imeshafanywa mbeleko, nyingine aliizungusha shingoni chini ya koti, na kifua kilikuwa kizima.

Alirejea mwezi wa Juni, mkononi hana kitu. Koti alimwachia dada yangu, ambaye alikuwa akitoka na mtoto katika mvua kwa koti lisilofungika. Usiku wa pili wa kurudi kwake kusi ilivuma kwa nguvu, naye akaniita kutoka chumbani nimpelekee shuka ya pili.