Ibadakuli na neno "kiraia"

Ukitoka Shinyanga mjini, Ibadakuli ni hapo nje kidogo. Ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, na ndiko uliko uwanja wa ndege. Mbele yake kuna Kolandoto, kisha Mwadui, ambako John Williamson alianzisha mgodi wa almasi mwaka 1940. Asubuhi watu husalimiana "Mwangaluka", bodaboda husubiri abiria, na wafugaji hupitisha ng'ombe.

Katika ukanda huu wa almasi na dhahabu, kitu kidogo cha mfukoni chaweza kujenga nyumba, na wageni hawakauki. Ndiyo maana kuna neno fupi linalosemwa kwa sauti ya chini: "Yule yuko kiraia." Maana yake ni askari aliyeacha sare ili asitambulike. Kwa urefu ni "amevaa mavazi ya kiraia", ila ulimi umelikata. Wazee wana jina lao, askari kanzu, kwa kuwa aliyevaa kanzu hupita kama mtu yeyote wa mtaani.

Neno hili lina mipaka yake. Polisi au mwanajeshi huwa kiraia, lakini daktari aliyevua koti haitwi hivyo, wala mwanafunzi aliyevaa nguo za nyumbani.

Asili yake ni "raia", neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na kuchunga. Mwanzoni lilitaja kundi linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Mfugaji wa Usukuma ataelewa upesi: mchungaji amejichanganya na kundi lake.

Tatizo ni kwamba matapeli nao wanalijua neno. Kijana wa bodaboda anasimamishwa usiku: "Mimi ni askari, nipo kiraia. Lete simu." Akiogopa, anatoa.

Wazazi, zungumzeni na vijana wenu mapema. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka polisi amtajie aliye chini ya ulinzi jina na cheo chake kabla ya kumhoji. Kijana asikimbie wala asibishane. Aseme kwa heshima, "Afande, naomba kuona kitambulisho chako." Akiwa bado na shaka, aombe waende pamoja kituoni. Askari wa kweli hana sababu ya kukikwepa kituo chake.