Ulimi na Moyo

Sumu ya panya hutajwa katika mazungumzo kama jambo dogo, kwa kuwa panya mwenyewe ni mdogo. Lakini apimaye ukali wa sumu kwa umbo la mnyama hupima bahari kwa kifuu.

Ziko sumu za panya ambazo huua polepole kwa kuizuia damu isigande. Nyingine ni vidonge vya alumini fosfidi, ambavyo hutiwa katika mashimo ya panya na katika ghala za nafaka. Kidonge hicho kikipata unyevu hutoa hewa iitwayo fosfini. Katika mji wa Amarillo, Texas, Januari 2017, maji yaliyomwagwa ili kuosha sumu ya namna hiyo chini ya nyumba yaliiamsha hewa hiyo, na watoto wanne wa jamaa moja wakafa.

Fosfini huzizuia chembe za mwili kutumia oksijeni. Moyo, ambao haupumziki usiku wala mchana, hudhurika mapema: misuli yake hulegea, mapigo hupotewa na utaratibu, na msukumo wa damu hushuka. Dawa ya kuitangua sumu hiyo haijapatikana.

Niliyaona haya kwa mjomba wangu, mkulima, aliyelala usiku mmoja wa mvua katika chumba kilichofungwa, kando ya magunia ya mahindi yaliyotiwa vidonge hivyo. Alfajiri alitapika, akalalamika kuwa kifua chambana. Tulipomfikisha hospitali alisema nasi kwa akili timamu. Aliuliza habari za ng'ombe wake, akaomba arudishwe nyumbani akapumzike. Wazee walitaka kumridhia. Daktari aliushika mkono wangu, akauweka juu ya kifundo cha mkono wa mgonjwa. Ngozi ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na mshipa haukusikika ila kwa taabu.

"Ulimi wake wasema ni mzima," alisema, "lakini moyo wake wakanusha."

Usiku ule mapigo yalivurugika mara mbili, na mara mbili waliokuwa zamu walikuwa karibu naye. Nguvu za moyo zilimrudia kidogo kidogo, akatoka hospitali baada ya majuma mawili. Wengi hawaimalizi siku ya kwanza.

Basi, msomaji, ukikutana na mtu aliyevuta au kumeza sumu hiyo, usituzwe na maneno yake mazuri. Maji na maziwa si tiba yake. Mfikishe hospitali upesi, taja jina la sumu, na ukubali moyo wake uangaliwe usiku kucha hata kama yeye acheka. Kumrudisha nyumbani kwa sababu ameomba hufanana na huruma, lakini ni huruma yenye kaburi mbele yake.