Bayasi ya Nairobi, joto la Mombasa

Leo hakuna programu, hakuna hifadhidata, wala malalamiko kuhusu kasi ya intaneti. Leo ni transista. Najua wengine mtaguna, lakini vumilieni kidogo.

Nimemjengea baba amplifaya. Mzee anaishi Mombasa, ana spika mbili za zamani za omu 8 ambazo hataki kusikia habari ya kuzitupa, na usiku husikiliza Radio Taifa kwa sauti ya chini kabisa mpaka usingizi umchukue, redio ikinong'ona hadi asubuhi. Kwa hiyo chombo chenyewe lazima kiwe safi kwa sauti ya chini, na lazima kiweze kuwaka usiku kucha kando ya mtu aliyelala.

Mambo haya mawili hugombana. Amplifaya ya aina hii ina transista mbili za nguvu mwishoni: moja husukuma wimbi linapopanda, nyingine hulivuta linaposhuka. Ila transista ya silikoni haiamki mpaka ipate kama volti 0.6 kati ya beisi na emita. Basi wakati wa kupokezana zamu kuna kitambo kidogo ambapo zote mbili zimelala. Ukifungulia sauti kubwa huenda usitambue. Kwa sauti ya chini, pengo hilo ni sehemu kubwa ya wimbi lenyewe, na mtangazaji husikika kama ana mchanga mdomoni. Dawa yake ni bayasi: kupitisha mkondo mdogo katika transista zote mbili hata pakiwa kimya, zisisinzie. Ukiuweka mdogo mno, mchanga unabaki. Ukiuzidisha, transista zinapata joto, joto linaongeza mkondo, mkondo unaongeza joto, na mwisho wake ni moshi.

Vifaa nilinunua Luthuli Avenue, isipokuwa transista za nguvu. Mpango ulikuwa 2N3055 na mwenzake MJ2955, zile kubwa zenye kofia ya chuma. Kwenye karatasi ya vipimo 2N3055 hubeba ampea 15 na wati 115, kofia ikiwa nyuzi 25. Tabu ni kwamba transista hii imeigizwa dunia nzima. Za bandia zina kofia ileile na maandishi yaleyale, lakini ndani mna kipande kidogo cha silikoni kama punje ya mchele. Niliponunua mbili kwenye duka moja (silitaji), nilikata kofia ya moja kwa msumeno ili nione. Punje ya mchele. Nikaenda kwa fundi mmoja mwenye rundo la maredio yaliyokufa, akaniuzia nne alizozing'oa kwenye amplifaya ya zamani. Nilizijaribu moja moja kwenye bati nene la alumini, volti 20 na ampea 2 kwa dakika kadhaa, zote zikavumilia. Kwa maoni yangu, transista kuukuu unayoijua asili yake ni bora kuliko mpya inayong'aa.

Umeme wake unatoka kwenye transfoma ya 18-0-18, ambayo baada ya dayodi na kapasita hutoa kama volti 24 kila upande. Hiyo inatosha wati 25 hivi kwa omu 8. Mzee hatatumia hata moja.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Nilipoichora saketi kwenye tarakilishi kwa programu ya SPICE, kila kitu kilikuwa sawa. Lakini SPICE usipoiambia vingine huchukulia kwamba dunia nzima iko nyuzi 27. Mimi nilikuwa nalehemu Nairobi jioni za Julai, chumba kikiwa nyuzi 17. Mombasa mwezi Machi ni nyuzi 32. Tofauti ni nyuzi 15. Kila nyuzi moja ikipanda, ile volti 0.6 hupungua kwa milivolti 2 hivi. Katika njia ya bayasi nina viungo vinne vya aina hiyo: transista mbili za nguvu na mbili za kuzisukuma (BD139 na BD140). Piga hesabu: 15 mara 2 mara 4 ni milivolti 120. Kama bayasi ingekuwa volti isiyobadilika, mkondo nilioupima Nairobi ungezidi maradufu Mombasa kabla mzee hajawasha hata redio.

Ndiyo maana bayasi hutolewa na transista nyingine, BD139 ya tatu, iliyofungwa kwa skrubu kwenye bati lilelile la kupozea. Risista mbili huizidisha volti yake ya 0.6 mara nne, ikawa 2.4. Uzuri ni kwamba mdondoko wake nao unazidishwa mara nne: milivolti 8 kwa kila nyuzi, sawa na ile inayopotea kwenye viungo vinne. Bati likipata joto, bayasi inajishusha yenyewe. Risista ya kurekebisha niliiweka kati ya beisi na emita kwa makusudi, maana ikichakaa na kuachia, bayasi huanguka badala ya kupanda. Mchanga mdomoni haujawahi kuchoma nyumba.

Kuiseti: balbu ya wati 60, ile ya waya, iliunganishwa kwa mfululizo na umeme wa stima ili ikamate mkondo kukiwa na kasoro. Bayasi chini kabisa, spika hazijaunganishwa, mita kwenye risista ya emita ya omu 0.33. Balbu ikawaka kidogo, ikafifia. Vizuri. Nikaitoa, nikaanza kupandisha polepole. Bernard Oliver wa Hewlett-Packard alionyesha mwaka 1971 kwamba shabaha ni karibu milivolti 26 kwenye kila risista ya emita. Sehemu ya upinzani huo tayari imo ndani ya transista yenyewe, hivyo mimi niliishia 20, yaani miliampea 60. Kisha ngoja dakika kumi na tano, pima tena, rekebisha kidogo, ngoja tena. Hakuna njia ya mkato, bati zito halina haraka na mtu. Kabla ya kuunganisha spika nilihakikisha volti ya moja kwa moja kwenye tokeo haifiki milivolti 50.

Nyuma ya kisanduku nimetoa matundu mawili ya kupimia, nikamwachia mzee mita ya bei rahisi. Hunisomea namba kwa simu. Mchana wa jua kali alisoma 22, alfajiri 20. Juzi baada ya kusoma akauliza mbona ya kwake haina taa ya kijani kama ya jirani. Kwa hiyo natafuta LED na risista ya kiloomu 4.7.